Kikosi Namba 26 cha ndege pale Mbuyuni, 1916: kilimsaidia Smuts, au kiliruka bure?

#1 Mtoto_wa_Maktau
Wakuu, salamu. Mimi ni wa Maktau, Taita Taveta. Ukitoka Voi kwenda Taveta utayaona makaburi ya Vita vya Kwanza kando ya barabara, na magari mengi hupita bila hata kupunguza mwendo. Mbele ya Maktau ni Mbuyuni. Mwaka 1916 palikuwa na uwanja wa ndege pale, wa kikosi namba 26 cha Royal Flying Corps (jeshi la anga la Mwingereza), kikosi kilichoundwa Afrika Kusini kuja kulisaidia jeshi la Jenerali Smuts dhidi ya Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck.

Baba yake nyanya yangu alichukuliwa kubeba mizigo. Nyanya anasema baba yake hakuwa na hadithi za bunduki hata moja, yeye alisimulia madebe tu. Madebe ya petroli, mawili kwa kila mtu, jua la Taru linawaka na hakuna kuweka mzigo chini mpaka mnyapara aseme.

Swali langu ni hili. Mwingereza alikuwa na ndege, Mjerumani hakuwa na hata moja. Aliye juu anamwona aliye chini. Basi Lettow aliwezaje kutoka Kilimanjaro, akapita Morogoro, Rufiji, Mahiwa, akavuka Ruvuma, na asikamatwe mpaka alipojisalimisha mwenyewe Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, Ulaya wakiwa wameshaacha kupigana wiki mbili? Kile kikosi kilifanya kazi gani hasa?

#2 Sega_la_Nyuki
Nimekaa mkao wa kusoma. Endeleeni.

#3 Mchanga_wa_Rufiji
Asante kwa uzi, mkuu. Nianze kwa kurekebisha mawili.

Kwanza, kikosi 26 hakikuundwa Afrika Kusini. Kiliundwa Netheravon, Uingereza, Oktoba 1915, ila watu wake wengi walikuwa Waafrika Kusini waliokwisharuka katika vita vya kule Namibia dhidi ya Mjerumani huyohuyo. Walishuka Mombasa mwishoni mwa Januari 1916.

Pili, Mjerumani alikuwa nayo ndege moja. Vita vilipolipuka Agosti 1914 alikuwepo Dar es Salaam rubani Bruno Büchner na ndege aliyoileta kwa ajili ya maonyesho. Iliharibika mapema, ikawa basi. Kwa hiyo upo sahihi kwa habari ya 1916, siyo 1914.

Na msisahau kwamba ndege za vita hazikuanzia Mbuyuni. Zilianzia kwetu Rufiji, kwenye kuizamisha Königsberg, manowari ya Mjerumani.

#4 Mtoto_wa_Maktau
Nimekubali sahihisho, nashukuru. Ila hiyo Königsberg si ilipigwa na ndege?

#5 Mchanga_wa_Rufiji
Hapana. Wengi wanasema hivyo hata huku kwetu. Iliangamizwa na mizinga ya manowari mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, tarehe 11 Julai 1915. Ndege zilikuwa jicho. Meli ilijificha ndani ya delta nyuma ya mikoko, wapiga mizinga hawaioni kabisa. Rubani Cull na mwenzake Arnold wakawa juu wanatuma ishara kwa redio: umezidisha, umepunguza, sogeza kushoto. Ndege yao ikapigwa, wakawa wanashuka huku Arnold bado anatuma masahihisho, mpaka wakaangukia mtoni. Wote wawili walipona.

Walikuwa wanarukia Mafia. Na kabla ya hapo walikuwa wamehangaika miezi: ndege za baharini za mwanzo zilishindwa na joto, gundi inaachia, injini haina nguvu ya kuinua watu wawili.

#6 Fundi_Panga_Boi
Hapo kwenye joto ndipo penye jibu la mleta uzi. Mimi ni fundi wa ndege ndogo, nimefanya kazi hiyo miaka 19, na nawaambia wanahistoria wanapita juu ya jambo hili haraka mno.

Ndege kuu ya kikosi 26 ilikuwa BE2c. Mbao, kitani kilichopakwa dawa ya kukaza, nyaya, na injini ya nguvu-farasi 90 au pungufu. Mwendo wake wa juu kabisa ni kama kilomita 115 kwa saa, hapo ikiwa Uingereza kwenye baridi. Hewa ya moto ni nyepesi. Bawa linapata kidogo cha kukalia, injini inapata kidogo cha kupumua, na panga boi linakata hewa isiyo na uzito. Sasa ipeleke nyanda za chini ya Kilimanjaro saa sita mchana. Haipandi. Ikipanda, inapigwa na upepo unaoinuka kutoka ardhini inayochemka, inarushwa kama pepeo.

Halafu mbao. Panga boi lao lilikuwa la mbao zilizounganishwa kwa gundi. Jua likikausha mchana na umande ukirudisha unyevu usiku, mbao zinapinda. Panga boi likipinda hata kidogo injini inatetemeka, na mtetemo unakula kila kitu. Walikuwa pia na Henri Farman zenye kiunzi cha chuma, hizo zilistahimili zaidi, lakini zilikuwa nzito na za polepole.

Kwa hiyo rubani huyo anaruka alfajiri na jioni. Mchana kutwa Lettow yuko peke yake.

#7 Mjukuu_wa_Askari
Fundi nimekuelewa, lakini mimi natoka upande wa pili wa bunduki. Babu mzaa babu yangu alikuwa askari wa Mjerumani, alipigana Kahe. Simulizi iliyobaki kwetu ni kwamba ndege waliisikia mapema sana. Bonde limetulia, sauti ya injini inakuja kabla ya ndege kuonekana. Amri ilikuwa moja: simama chini ya mti, usiangalie juu, maana uso unang'aa. Moto haupikwi mchana. Wakisafiri, wanasafiri usiku.

Mtu mweusi, nguo ya kaki, chini ya mgunga, asiyetikisika. Nani atamwona kutoka mita 1,000?

#8 Bibi_Shamba
#7 hapo umesema kweli tupu. Mimi nimewahi kupanda ndege ndogo kutoka Dar kwenda Songea mwezi wa tatu. Chini ni miombo mpaka unachoka. Jani tu. Nilikuwa namtafuta ng'ombe mmoja tu nimwone, sikumwona.

#9 Mzee_wa_Dodoma
Mwezi wa tatu sawa, kuna majani. Mwezi wa tisa miombo imepukutika, Bibi_Shamba. Unaona hadi swala. Smuts alisukuma Agosti na Septemba 1916, kiangazi: Morogoro ikaanguka tarehe 26 Agosti, Dar tarehe 4 Septemba. Msitu peke yake hautoshi kuwa jibu.

Mimi nasema waliona. Tatizo ni kwamba habari ilichelewa. Rufiji walikuwa na redio, na meli ilikuwa imekwama, haiendi popote, leo ipo na kesho ipo. Nchi kavu rubani akiona safu ya askari anaandika karatasi, anaidondosha kwenye kifuko au anarudi kutua, kisha mtu anaipeleka kwa kamanda ambaye naye yuko njiani amepotea. Ramani bora zilizokuwepo zilikuwa za Wajerumani za moja kwa 300,000, yaani sentimita moja ni kilomita 3. Ukikosea nusu sentimita umemkosa mtu kabisa. Mpaka kikosi cha miguu kifike, Lettow keshanywa chai na kuondoka.

#10 Kamusi_Hai
Nichomekee swali dogo la lugha. Nani anajua ni lini tulianza kuiita "ndege"? Marehemu mama yangu alisema "ndege Ulaya", na wazee wa Tanga walisema "eropleni". Ninahisi jina hili lilizaliwa katika vita hivi hivi.

#11 Mchanga_wa_Rufiji
Wazee wa delta walisema ndege Ulaya pia. Kama vile tulivyosema sukari guru na sukari ya Ulaya. Kitu cha kigeni kinapewa jina la kitu tunachokijua, kisha Ulaya inadondoka njiani.

#12 Mtoto_wa_Maktau
Nyanya bado anasema eropleni mpaka leo, ana miaka 91.

#13 Bibi_Shamba
Nyanya huku kwetu inaliwa na kitunguu. Sema bibi 😂

#14 Mtoto_wa_Maktau
Bibi kwetu ni mke wa mtu, Bibi_Shamba. Tusifike huko, mume wako anasoma.

#15 Kamusi_Hai
Turudi kwenye mada kabla mod hajaja.

#16 Mgosi_wa_Korogwe
Mzee_wa_Dodoma #9, hata kabla ya Morogoro ulikuwepo mfano mzuri, kilima cha Salaita, kati ya Mbuyuni na Taveta, tarehe 12 Februari 1916. Ndege zilikuwa zimefika tu. Mizinga ya Mwingereza ikapiga kilele cha kilima asubuhi nzima. Mahandaki ya Mjerumani yalikuwa chini, kwenye kichaka mbele ya kilima. Waafrika Kusini wakaingia hapo wakapokewa na bunduki za rashasha na wakarudi mbio. Kwa hiyo swali si mita ngapi juu wala mwezi gani. Hata kilima kimoja kilichosimama mahali pamoja, karibu na uwanja wao wenyewe, hawakukisoma vizuri.

#17 Mjukuu_wa_Askari
Na pale Salaita watalii wanasimuliwa habari ya mbuyu wenye tundu, eti mwanamke wa Kijerumani alikuwa anajificha ndani akidungua Waingereza. Mtoto_wa_Maktau tusaidie, ni kweli?

#18 Mtoto_wa_Maktau
Mbuyu upo na matundu ya risasi yapo, tumeyaingiza vidole tukiwa watoto. Huyo mwanamke kila mzee ana wake: mmoja anasema alikuwa analipiza kifo cha mumewe, mwingine anasema alikuwa mwanamume mwenye nywele ndefu. Mimi sijawahi kuona karatasi inayomtaja.

#19 Kilimo_Kwanza_Mahenge
Mnasahau mbung'o na mbu. Farasi na nyumbu wa Smuts walikufa kwa maelfu. Waafrika Kusini wenyewe waliugua malaria na kuhara mpaka mwishoni mwa 1916 zaidi ya 12,000 wakarudishwa kwao. Rubani ni mtu kama wengine. Fundi akiwa na homa ya nyuzi 40 nani anafunga nyaya za bawa? Kikosi cha ndege ni watu wachache sana wanaojua kazi, hakuna wa kuazima. Ukiwalaza kumi umelaza kikosi.

#20 Fundi_Panga_Boi
#19 naunga mkono kwa nguvu. Injini ya zama zile ilifunguliwa na kusafishwa kila baada ya saa chache za kuruka. Vumbi la Mbuyuni mnalijua, jekundu, linaingia hata kwenye meno.

#21 Askari_Monyumenti
Naomba turudi kwa madebe ya mleta uzi, maana mmeyaruka na mimi naona ndiyo habari yenyewe.

Nimekaa jana usiku nikapiga hesabu. Fundi atanisahihisha. Debe la petroli ni lita 18, uzito kama kilo 13 na bati lake zaidi kidogo. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kati ya kilo 25 na 30, yaani madebe mawili, kama nyanya alivyosema. Injini ya nguvu-farasi 90 inakunywa kiasi gani kwa saa?

#22 Fundi_Panga_Boi
Injini za wakati ule, lita 35 hadi 40 kwa saa.

#23 Askari_Monyumenti
Basi ni madebe mawili. Mzigo wa mtu mmoja ni saa moja ya kuruka.

BE2c ilikaa hewani saa tatu na kitu. Kila inaponyanyuka na tangi limejaa, nyuma yake wapo watu watatu au wanne waliobeba petroli hiyo tu, bado hujaweka mafuta ya kulainisha, mabomu, vipuri, mahema na chakula cha marubani. Na mpagazi naye anakula. Kilo moja ya unga kwa siku, naye unga wake unabebwa na mwenzake.

Pale Mbuyuni haikuwa mbaya sana, kwa sababu reli ya kijeshi kutoka Voi ilifika. Baada ya hapo kila uwanja ulihamia mbali zaidi na reli, na Mjerumani alikuwa anavunja madaraja ya reli zake akirudi nyuma. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba ndege hazikushindwa kuona. Zilikuwa chini, zinasubiri debe.

#24 Mtoto_wa_Maktau
#23 nimesoma hii post mara tatu. Nimempigia nyanya simu nimemsomea. Amenyamaza kidogo halafu akasema: "Ndiyo maana alikuwa akiiona inaruka anasema, ile pale mabega yetu."

Sikuwahi kusikia hilo neno maisha yangu yote, na nimelelewa naye.

#25 Sega_la_Nyuki
Nilisema nasoma tu lakini hapa nimeshindwa. Mpe nyanya shikamoo yangu.

#26 Bibi_Shamba
Na yangu. Shikamoo nyanya.

#27 Mgosi_wa_Korogwe
Sanamu ya kumbukumbu ya vita hivyo pale Nairobi imeandikwa kwa Kiswahili kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Siku zote nilidhani ni maneno ya kupamba. Kwa hesabu ya #23 ni maelezo ya kazi.

#28 Kilimo_Kwanza_Mahenge
Sanamu ya Nairobi ina mpagazi. Ya Dar, pale katikati ya Samora, ni askari peke yake na singe yake. Kariakoo tumebakiwa na jina tu, kutoka Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, na wafanyabiashara wengi pale hawajui wanalitamka nini.

#29 Mzee_wa_Dodoma
Takwimu rasmi za Mwingereza ni zaidi ya wapagazi 40,000 waliokufa, na wanahistoria wanakadiria hata karibu 100,000. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwa maandishi kwamba Waafrika wengi sana hawakuwekewa majina. Makaburi ya Maktau na Taveta unayaona majina ya nani? Ya wenye namba za jeshi.

Hata hivyo, Askari_Monyumenti, sikubaliani kwamba debe ndilo jibu lote. Smuts alikuwa akiyaacha maghala yake nyuma makusudi. Alitaka kuzunguka, kufunga nyuma, kila mara. Kwenye vilima vya Latema-Reata Machi 1916 alizunguka, Lettow akatoka. Kahe hivyo hivyo. Morogoro hivyo hivyo. Jenerali anayekimbia kuliko chakula chake hata ungempa ndege 100 hazimfuati.

#30 Mjukuu_wa_Askari
Na mimi nasema hata zikimfuata. Wazee wetu waliziogopa mwanzo, bomu la kwanza watu walikimbia. La pili wakaona limeua mbuzi. La tatu wakawa wanaendelea kula. Kitu kinachokuja kwa kelele asubuhi na jioni, saa zile zile, unakizoea kama adhana.

#31 Kamusi_Hai
Mkuu, kuna watu vilevile waliuawa na mabomu hayo, vijiji vilikuwa njiani. Hawakuzoea chochote.

#32 Mjukuu_wa_Askari
Kweli kabisa, nimesema vibaya. Nilikuwa nasimulia ya askari. Ya vijiji nayachukulia kwa uzito wake.

#33 Mchanga_wa_Rufiji
Mwaka 1917 mvua zilipofunga Rufiji maji yalifunika kila kitu, watu walikula mizizi. Hapo hakuna uwanja, hakuna ndege, hakuna debe. Selous, yule mwindaji maarufu wa Kiingereza, alishauawa vitani Beho Beho Januari. Mimi nadhani mjadala wa kikosi 26 kwa vitendo unaishia hapo kwenye matope, kilichofuata ni kujikongoja.

#34 Fundi_Panga_Boi
Hapana, waliendelea kuruka kusini hadi Lettow anavuka Ruvuma Novemba 1917. Ndipo wakaanza kuondoka, na Julai 1918 kikosi kikafutwa kule Uingereza. Kikafufuliwa 1927. Nembo yake ina kichwa cha swala wa Afrika Kusini na maneno ya Kiafrikana yenye maana ya mlinzi angani.

#35 Sega_la_Nyuki
Swali la pembeni: ile meli ya angani ya Mjerumani iliyotumwa kumletea Lettow risasi ni kweli au hadithi?

#36 Mzee_wa_Dodoma
Kweli. L59, puto kubwa la zepelini. Ilitoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917 na tani 15 za dawa na silaha. Ilifika Sudan, magharibi ya Khartoum, ikageuka. Ilikaa hewani saa 95, kilomita 6,757 kwenda na kurudi. Wapo wanaosema Mwingereza alituma ujumbe wa uongo kwamba Lettow ameshindwa, na wapo wanaosema ujumbe ulitoka Berlin kwenyewe baada ya kusikia nyanda za Makonde zimepotea. Siku ileile L59 inatua nyumbani, Lettow alikuwa anavuka Ruvuma.

#37 Mchanga_wa_Rufiji
Ila mkuu, hata ingefika ingetua wapi? Isingeweza kurudi. Walipanga kuivunja, kitambaa kiwe mahema na nguo. Nani angebeba tani 15 zile?

#38 Askari_Monyumenti
Kwa kilo 25 kila mmoja, watu 600.

#39 Mgosi_wa_Korogwe
Huyu bwana na hesabu zake jamani. Mpeni kikokotoo kipya.

Mtoto_wa_Maktau, pale Mbuyuni pamebaki nini? Unaweza kuona uwanja ulipokuwa?

#40 Mtoto_wa_Maktau
Ukionyeshwa, ndiyo. Ni uwanda tu, mbigili na miiba, na reli ya Voi inapita. Wachungaji huokota maganda ya risasi na vipande vya bati lililoliwa na kutu. Mimi nilikuwa nadhani bati ni la nyumba za zamani. Sasa nataka nirudi niangalie kona zake, debe lina mshono wake.

Nakwenda mwezi wa Desemba nikifunga kazi. Nyanya amesema anakuja, kwa hiyo nitakodi gari lenye kiti kizuri. Aliye karibu na Voi aseme humu, tutatoka saa kumi na mbili asubuhi kabla ya jua.

#41 Fundi_Panga_Boi
Niko Tanga, nitavuka Holili. Bati likiwa la petroli nitalijua, juu lina alama ya mdomo wa kumiminia. Usilisugue kabla sijafika.